Kinasa sauti au daftari?

Tangu vita vya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, vilipoanza Oktoba 2017, wapo wanawake waliovuka mto Ruvuma kuingia Mtwara, Tanzania, ambao hawajamwambia mtu walivyobakwa. Anayekwenda kuwasikiliza ana njia mbili. Kinasa sauti hutunza Kimakonde au Kimwani cha mama kama alivyokitamka, pamoja na pale aliponyamaza. Mkalimani hapati nafasi ya kulainisha tendo, na mama halazimiki kuurudia uchungu kwa kila mgeni. Lakini sauti hutambulika. Kijijini wanakojuana wote, ikivuja imemtaja. Daftari huweka namba badala ya jina, ila mwandishi ndiye anayechagua maneno. Mimi ningeanza na daftari. Kinasa kiwashwe akitaka mwenyewe, na akighairi, sauti ifutwe bila kumuuliza sababu.