Bushi mpya za gia kwenye Probox yangu: ugumu ulikotoka na nilivyoutoa

Nina Probox yenye injini ya 1NZ, gia tano, si otomatiki. Naifanyia biashara ya nyanya: napakia Ilula, nashusha Morogoro, safari mbili kwa wiki. Maana yake kila wiki napanda mlima Kitonga mara mbili na kuishuka mara mbili, na nikishuka nina matenga sita nyuma. Anayeijua barabara ile anajua kwamba pale mkono wa kushoto haupumziki.

Mwanzo wa mwaka gia zilianza kulegea. Ukiweka nyutro, mkono wa gia unazunguka kama mwiko kwenye uji. Natafuta ya tatu, naingia ya tano. Mdogo wake mume wangu, ambaye ni mtu wa magari, alifungua boneti akanionyesha kebo mbili za gia zinapofika kwenye giaboksi. Moja kazi yake ni kuchagua njia, kushoto au kulia. Ya pili inasukuma gia iingie. Kila kebo ina tundu kwenye ncha yake, na tundu hilo linavaa pini ya giaboksi. Ndani ya tundu kunakuwa na bushi ya mpira, yaani kipete kinachojaza nafasi kati ya tundu na pini. Zangu zilikuwa zimelika mpaka tundu limekuwa na umbo la yai.

"Shemeji, giaboksi ni nzima kabisa," akaniambia. "Hizi bushi ndizo zimekwisha."

Kununua kebo mpya mbili ilikuwa nje ya uwezo wangu mwezi ule. Kariakoo nikapata bushi za poliyurethani, ile plastiki ngumu inayonepa kidogo, kwa shilingi 40,000. Zikaja kwa basi hadi stendi ya Msamvu, Morogoro. Ndani ya pakiti zilikuwa bushi peke yake: hakuna grisi, hakuna karatasi ya maelekezo. Shemeji alikuwa safarini, kwa hiyo nikaenda gereji. Fundi akatoa mpira wa zamani kwa bisibisi, akazigonga bushi mpya kwa nyundo mpaka zikaingia, akarudisha kebo kwenye pini. Dakika 40 tukawa tumemaliza.

Kulegea kuliisha siku ileile, na hilo nalisema kwa moyo mweupe. Kila gia ilikuwa na mahali pake. Ila mkono ulikuwa mzito. Nikafikiri ni upya wa bushi, zitazoea.

Hazikuzoea. Tena nikagundua jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike haya yote. Asubuhi, gari likiwa limelala, gia zilikuwa ngumu kiasi. Nikifika Mikumi ngumu zaidi. Nikiwa katikati ya Kitonga, injini imepata moto, lori liko mbele na nataka kutoka ya tatu kwenda ya pili, mkono unagoma njiani. Ukitoka kwenye ya pili haurudi wenyewe katikati, kwenye usawa wa ya tatu na ya nne, kama unavyotakiwa. Unabaki kushoto palepale ulipouacha. Siku moja nikiwa nashuka na mzigo niliikosa ya pili mara mbili, ikabidi nisimamie breki hadi kwenye kona. Breki zilinuka. Nilipofika Mbuyuni nilipaki nikakaa robo saa bila kushuka.

Nilirudi gereji. Fundi akabonyeza pedali mara mbili tatu, akasema: "Dada, hapa klachi imekwisha, tushushe giaboksi." Hesabu yake, vifaa na ufundi, ilifika 380,000. Fundi mwingine akasema ni oili. Hoja ya oili si ya kupuuza, kwa sababu kuna watu wanamimina oili yoyote ya gia wanayoikuta dukani, wakati giaboksi za namna hii zinataka 75W-90 ya daraja la GL-4. Lakini oili nzito huleta ugumu asubuhi ikiwa ya baridi, kisha gia zinalainika kadiri inavyopata joto. Yangu ilikwenda kinyume: joto ndilo lililoikaza. Klachi nayo, ikiwa haiachii vizuri, ungeisikia zaidi ukiingiza ya kwanza au rivasi injini ikiwa inaunguruma, na ukizima injini gia zinaingia bila shida. Zangu zilikuwa ngumu hata injini ikiwa imezimwa.

Shemeji aliporudi tulifanya kipimo ambacho nawaomba muwatake mafundi wenu wakifanye kabla ya kushusha chochote. Gari liko mahali tambarare, limezimwa, breki ya mkono imevutwa na matairi yamewekewa mawe, maana ukichomoa kebo usiutegemee tena mkono wa gia kukwambia gari liko gia gani. Tukatoa klipu na washa (kile kipete bapa kinachokaa kati ya klipu na bushi), tukazichomoa kebo kwenye pini. Akazisukuma kwa vidole zile shina mbili za giaboksi: zikaenda vizuri, tena ile ya kuchagua njia ikarudi yenyewe kwa springi. Giaboksi ikatoka kwenye lawama. Nikaingia ndani nikacheza na mkono wa gia huku kebo zikining'inia: mwepesi kama wa gari jipya. Kebo nazo zikatoka. Kilichobaki ni pale bushi inapokutana na pini.

Akairudisha bushi moja kwenye pini. Ilitakiwa izunguke kwa kidole. Ilishika mpaka akatumia koleo kuing'oa. Bushi ilikuwa nene kidogo kuliko tundu la kebo, na ilipogongwa kwa nguvu ilibanwa pande zote, tundu lake la ndani likasinyaa. Plastiki hii inatanuka kwa joto kuliko chuma. Imezungukwa na chuma, haina pa kutanukia ila kwa ndani, inaikaba pini. Ndiyo maana Kitonga ilikuwa mbaya kuliko Morogoro mjini. Juu ya hayo ilikuwa imefungwa kavu, pini ina kutu, na washa moja haikuonekana, klipu ikawa inaukandamiza uso wa bushi moja kwa moja.

Kurekebisha kulichukua alasiri moja. Pini tulizisugua kwa msasa mpaka zikang'aa, tukazifuta. Kisha tukaviringisha msasa laini, namba 400, kwenye kijiti cha mviringo na kusugua tundu la bushi ndani, tukizungusha mizunguko michache na kupima kwenye pini, tena na tena. Hapa usikimbie, ukizidisha umerudisha kule kulegea ulikokuwa unakukimbia, na bushi hairudi nyuma. Tuliacha ilipoanza kuzunguka kwa kidole bila kucheza pembeni. Tukamalizia na namba 800, tukapaka grisi ya silikoni ndani ya bushi na kwenye nyuso zake mbili. Hatukutumia grisi ya kawaida ya bearingi, kwa kuwa kebo zina mipira ya kuzuia vumbi na grisi ya mafuta ya petroli huiharibu mipira mingi. Washa tukaikata mpya, tukaacha upenyo mdogo klipu isibane.

Kama pakiti yako ina pia bushi za kitako cha mkono wa gia, angalia kile kibomba cha chuma kinachopita katikati ya bushi. Lazima kizidi urefu wa bushi kidogo sana, ili bolti ikaze chuma na si plastiki.

Miezi mitano imepita. Ya tatu kwenda ya pili, Kitonga, injini ya moto, inaingia kwa kiganja. Mkono unarudi katikati wenyewe. Kitu kimoja sikukipenda na hakijaondoka: mtetemo wa giaboksi sasa unafika mkononi, hasa nikiwa 80 kwa saa kwenye ya tano, kwa sababu ule mpira wa zamani ulikuwa unaumeza. Mtu anayetaka gari tulivu la kwenda kazini na kurudi, namshauri avumilie bei ya kebo zenyewe zenye bushi za mpira. Kwangu mimi ninayeshuka mlima na mzigo, uhakika wa gia una thamani kuliko utulivu.

Nazinunua tena? Ndiyo, na nimeshaagiza pakiti ya pili kwa ajili ya gari la dada yangu, Toyota Succeed. Safari hii nimemwambia muuzaji aweke na grisi ya silikoni kwenye mzigo huohuo, na kazi itafanyika nyumbani, bila nyundo.