Boksi la michezo ya sikukuu za baridi kwa watoto: mazuri yake, kasoro zake na yanayofaa kubadilishwa

Maboksi ya michezo ya sherehe za watoto, yaliyopambwa kwa picha za theluji, nyota na miti yenye taa, huanza kuonekana madukani wiki kadhaa kabla ya sikukuu za mwisho wa mwaka, na kwa nje ni vigumu kulitofautisha moja na jingine. Hili ninalolipitia ni la ukubwa wa wastani. Ndani yake mna michezo 9, kitabu kidogo cha maelekezo, kengele ya muziki inayotumia betri, pamoja na zawadi za washindi. Juu ya kifuniko imeandikwa kwamba linawafaa watoto wa miaka 4 hadi 10, wachezaji 4 hadi 20, na kwamba litawashughulisha kwa dakika 90. Jina la mtengenezaji nimeliacha makusudi, kwa sababu mengi nitakayoyasema yanahusu takriban kila boksi la namna hii.

Kipimo nilichokitumia ni kimoja, nacho ni kuangalia mtoto aliyeshindwa anafanya nini mpaka mchezo uishe. Rangi, medali na ubora wa karatasi ni mambo ya kutazamwa baadaye. Sherehe ya watoto haiharibiki kwa kukosa mshindi. Huharibika pale watoto watano walioketi ukutani wanapoanza kuvutana nywele huku wawili wa mwisho wakiendelea kushangiliwa na watu wazima.

Kwa kipimo hicho, mchezo wa kwanza katika kitabu, yaani viti vya muziki, ndio dhaifu kuliko yote, ingawa ndio unaojulikana zaidi. Tuchukue watoto 12 na viti 11. Kila muziki unaponyamaza mtoto mmoja hukosa kiti na kutoka, kiti kimoja huondolewa, na safari huanza upya, hivyo zinahitajika raundi 11 ili apatikane mshindi. Ukikadiria dakika moja na nusu kwa kila raundi, pamoja na ule ubishi wa nani alikaa kwanza, mchezo mzima unakula zaidi ya dakika 16, na yule aliyetolewa mwanzoni anakaa kitako kwa dakika 15. Aghalabu huyo ndiye mdogo kuliko wenzake, ndiye pia mwenye aibu zaidi, na ndiye aliyehitaji mchezo kuliko yeyote. Baada ya raundi ya sita nusu ya waalikwa wamekwisha kuwa watazamaji. Wapo watakaosema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, na kwamba mtoto hana budi kuzoea. Sipingi, lakini kuzoea kushindwa ni jambo moja na kukalishwa kwa robo saa ni jambo jingine. Dawa yake ni rahisi na haimo katika kitabu: ondoa viti, usiondoe watoto. Viti vikipungua, wote wanatafuta namna ya kuenea katika vilivyobaki, wakipakatana na kushikana ili asidondoke mtu, na lengo likawa kuona wanaweza kufika kwenye viti vingapi. Hapo hata mkubwa wa miaka 10, ambaye dakika chache zilizopita alikuwa akiona michezo hii ni ya kitoto, hugeuka kuwa mpangaji mkuu.

Mchezo wa madonge ya theluji ndio uliolipa boksi hili thamani yake. Mna madonge meupe 40 ya kitambaa laini, kila moja likiwa na ukubwa unaokaribia yai, na utepe wa kugawa chumba katika pande mbili. Kila kundi huanza na madonge 20, kipenga kikilia kila mtu hutupa ng'ambo yote anayoyaokota, na baada ya sekunde 60 kipenga hulia tena. Upande uliobakiwa na madonge machache ndio ulioshinda. Hakuna anayetolewa, hakuna anayesubiri zamu, na mtoto wa miaka 5 ana kazi sawasawa na wa miaka 9, kwa maana kuokota na kutupa hakudai ufundi wowote. Kuhesabu madonge mwishoni nako ni sehemu ya burudani, kwa kuwa kila kundi huhesabu ya wenzake kwa sauti na kwa mashaka makubwa. Muda wa dakika moja umechaguliwa vizuri, maana ukizidi hapo pumzi zinaisha na mitupo inaanza kulenga nyuso. Kinachokosekana katika maelekezo ni kanuni ya anayetupa baada ya kipenga, na bila kanuni hiyo ugomvi ni wa uhakika; donge lililotupwa kwa kuchelewa lirudishwe upande lilikotoka, na kundi husika liongezewe jingine moja. Ningeshauri pia kuchanganya upya makundi baada ya raundi tatu. Madonge yenyewe hupotea chini ya makabati kwa kasi ya kushangaza, lakini karatasi zilizofinyangwa au soksi safi zilizokunjwa hufanya kazi ileile.

Unaoufuata kwa uzuri ni ule wa kumvika mtu wa theluji. Watoto hugawanywa watatu watatu. Mmoja husimama, wawili humzungushia karatasi nyeupe kuanzia miguuni hadi mabegani, kisha humvisha kofia, skafu na vifungo vya karatasi, yote kwa dakika tatu. Boksi limetoa bunda nne za karatasi, kiasi kinachotosha watoto 12, ila karatasi ni ya tabaka moja na hukatika kila inapovutwa, jambo linalowakera wavikaji wenye haraka. Karatasi za chooni za tabaka mbili ni imara zaidi, na karibu kila nyumba inazo. Kitabu hakisemi lolote kuhusu uso na shingo, nacho kilipaswa kusema: karatasi iishie mabegani, mikono ya anayevikwa ifungwe tu ikiwa mwenyewe ameridhia, na mishumaa yote chumbani iwe imezimwa. Nimeona pia kwamba furaha kubwa haitokani na kuvisha. Inakuja pale watu wa theluji wote wanapohesabiwa hadi tatu na kuruhusiwa kupasua karatasi kwa mpigo mmoja. Mtengenezaji hakuliona hilo. Yeye ameweka kadi ya alama yenye vipengele vinne, kila kimoja kikiwa na alama 1 hadi 10, kana kwamba mwamuzi yuko kwenye maonyesho ya mavazi. Kadi hiyo iacheni ndani ya boksi. Mwamuzi atangaze mtu wa theluji mnene kuliko wote, mwenye kofia iliyokaa upande, aliyesimama wima kama askari, na aliyecheka mpaka karatasi ikachanika. Makundi manne, sifa nne, na kila kundi linaondoka na lake.

Mchezo wa kubandika pua, ambapo mtoto aliyefunikwa macho hujaribu kubandika pua mahali pake kwenye picha ya mtu, ni wa kusubiri zamu, na kwa hesabu ya watoto 12 zamu zote huchukua kama dakika nane. Nilitarajia uanguke katika kipimo changu, lakini haukuanguka, kwa sababu anayesubiri hapa hajatengwa. Yeye ndiye anayecheka pua inapobandikwa gotini, na ndiye anayepiga kelele za kuelekeza, za kweli na za uongo. Kwa kufunika macho zimewekwa barakoa mbili zenye mpira wa kuvutika, na hili ni jambo la kupongezwa, kwani kitambaa cha kufunga huteleza au hubana. Gundi ya pua ndiyo hafifu. Baada ya kubandikwa na kubanduliwa mara chache zinahitaji tepu.

Kuna mchezo mmoja mdogo ambao picha yake kwenye kifuniko haimvutii mtu, nao una akili kuliko yote. Mtoto aliyefunikwa macho hupewa kijiko na mabakuli mawili, na anatakiwa kuhamisha madonge ya pamba kutoka bakuli la kwanza hadi la pili ndani ya sekunde 30 bila kuyagusa kwa mkono. Kwa kuwa pamba haina uzito wa kuhisiwa kwenye kijiko, mchezaji hajui kama amebeba kitu au hewa, na mara nyingi utamwona akisafirisha kijiko kitupu kwa uangalifu mkubwa, akikiinamisha polepole mahali pake, huku watazamaji hoi kwa kicheko. Kitabu kinaupendekeza kwa wachezaji wawili wawili kwa kushindana. Ni bora zaidi mmoja mmoja, kwani wakiwa wawili macho ya watazamaji hugawanyika na kichekesho hupungua.

Dansi ya gazeti ni ya kawaida: wawili wawili hucheza wakiwa juu ya karatasi, na kila muziki unaposimama karatasi hukunjwa nusu. Karatasi za boksi ni za sentimita 60 kwa 80, kwa hiyo baada ya kukunjwa mara nne hubaki sentimita 15 kwa 20, nafasi ambayo hata miguu ya mtoto mmoja hujibana. Huu nao ni wa mtoano, ila huisha upesi kiasi kwamba aliyetoka hajapata muda wa kununa.

Kifurushi cha kupitishana, ambacho watoto hupokezana katika duara na muziki ukinyamaza aliyekishika hufungua tabaka moja, kimekuja kikiwa kimefungwa tayari kwa matabaka 8 ya karatasi, na kila tabaka lina agizo dogo, kwa mfano kutembea kama pengwini au kuimba huku umeziba pua. Tatizo liko kwenye hesabu. Watoto wakiwa 12, wanne hawatafungua chochote, na kitabu kinazidisha tatizo kinapomwamuru msimamizi wa muziki awape mgongo watoto ili haki itendeke. Matokeo ya haki hiyo ni kwamba mmoja atafungua mara tatu na jirani yake ataishia kupokea na kupitisha. Msimamizi awe na macho kwenye duara, asimamishe muziki kwa hila, na matabaka yaongezwe yalingane na idadi ya watoto. Huo ni udanganyifu, naam, na ninauunga mkono.

Shindano la kukata chembe za theluji za karatasi lingekuwa la kufungulia sherehe, maana mtoto anayechelewa kufika anaweza kujiunga wakati wowote, lakini kitabu kimelificha mwishoni, wakati ambapo hakuna mtoto anayetaka tena kukaa na mkasi. Zaidi ya hapo, vielelezo vyake vina ncha nane. Nakiri kwamba hapa nina ukorofi kidogo, ila chembe ya theluji ina pembe sita. Mwanafalaki Johannes Kepler alikwisha kuandika juu ya jambo hilo mwaka 1611, na Wilson Bentley wa jimbo la Vermont, Marekani, aliyeanza kupiga picha za chembe hizo kwa hadubini mwaka 1885, aliacha maelfu ya picha zinazolithibitisha. Chanzo cha kosa ni ukunjaji: karatasi ya mraba ikikunjwa nusu mara tatu kupitia katikati hutoa sehemu nane. Ili upate sita, ikunje nusu, kisha nusu hiyo uikunje katika sehemu tatu zinazolingana, kila moja ikiwa na nyuzi 60, kabla ya kuweka mkasi. Mtoto wa miaka 8 anaelewa akionyeshwa mara moja.

Kadi za vitendawili sina mengi ya kuzisemea. Ziko 50, na majibu ya karibu nusu yake ni theluji, barafu au nyota, hivyo baada ya kadi kumi watoto hutaja maneno hayo matatu kwa zamu bila kusikiliza swali. Wa miaka 4 hawezi kusoma, wa miaka 10 anaona haya kujibu.

Zawadi zimenisikitisha zaidi. Kuna medali moja kubwa ya mshindi wa jumla, na mirija 6 ya karatasi ya kuvutwa na watu wawili hadi ipasuke kwa mlio, ile ambayo chanzo chake kinahusishwa na mtengenezaji peremende wa London, Tom Smith, katika miaka ya 1840. Anayebaki na kipande kikubwa hupata kilichomo ndani. Maana yake ni kwamba watoto 12 wakivuta mirija 6, sita watapata kitu na sita watabaki na karatasi iliyochanika, na hiyo ndiyo hatua ya mwisho kabisa ya sherehe kwa mujibu wa kitabu. Andaeni mapema vitu vidogo vinavyolingana kwa ajili ya wale sita wengine.

Kwa upande wa usalama, kengele inatumia betri bapa za umbo la kifungo, ambazo mtoto akizimeza zinaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili, lakini sehemu yake imefungwa kwa skrubu na haifunguki kwa ukucha. Maputo yaliyomo yana onyo kwamba watoto wa chini ya miaka 8 wanaweza kupaliwa au kukosa pumzi kwa puto lisilojazwa au lililopasuka. Onyo ni sahihi, ila linashangaza katika boksi linalojitangaza kuanzia miaka 4. Watu wazima wayajaze wenyewe na kuokota vipande papo hapo.

Boksi hili ningelinunua kwa ajili ya watoto 8 hadi 12 wenye umri wa miaka 5 hadi 9. Wakiwa wanne, kama kifuniko kinavyoahidi, kurushiana madonge hakunogi na duara la kifurushi halipatikani. Wakifika 20, foleni ya pua peke yake itaimaliza subira yao. Zile dakika 90 hutimia tu ukicheza kila kitu pamoja na vitendawili, na mimi ningeridhika na saa moja yenye michezo mitano: chembe za theluji wageni wanapoingia, madonge, mtu wa theluji, kijiko cha pamba, na kifurushi wakati wazazi wanaanza kufika. Karatasi, pua na mirija ni vya matumizi ya mara moja. Madonge, barakoa, utepe na kengele vitafaa mwaka unaofuata, mradi mtu apige magoti na kutazama chini ya makabati kabla ya kufunga boksi.