Mota ya trimu imegoma: kaboni mpya, mota ya kopi au pampu nzima?

Karibuni watazamaji. Mezani hapa nina mota ya trimu, ile inayozungusha pampu ya oili ya kupandisha na kushusha mashine ya boti, iliyotolewa kwenye mashine; seti ya kaboni mpya, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka ya mota; na mota ya kopi ambayo bado iko kwenye boksi. Tunaangalia hela yako iende wapi. Wenye mashine ndogo za kuinua kwa mkono, zile zilizojaa Mwaloni Kirumba, Mwanza, hii haiwahusu sana. Nazungumza na wenye boti za abiria na za utalii, za kwenda Saanane na visiwa vingine, zenye kitufe cha kupandisha na kushusha.

Usinunue kitu kabla hujapima. Bonyeza kitufe, sikiliza. Rilei, swichi ya umeme inayopeleka moto kwenye mota, isipolia kabisa, anza na fyuzi, swichi na waya, maana mota huenda haina kosa. Kwenye MerCruiser, ambayo injini inakaa ndani ya boti na mguu wenye pangaboi unatoka nyuma, kuna fyuzi ya ampea 20 na nyingine kubwa ya ampea 110 palepale kwenye pampu, na hiyo kubwa mafundi wengi huiruka. Rilei ikilia "tak" na mota ikanyamaza, weka mita kwenye waya za mota huku mwenzako amebonyeza. Ukipata karibu volti 12 na haizunguki, mota ndiyo mgonjwa. Ukipata 8, pima na betri wakati huohuo. Betri ikibaki juu ya 12, umeme unapotelea njiani: vichwa vya betri, ethi, au rilei iliyoungua ndani. Betri nayo ikianguka, basi ni chovu au mota imekwama na inavuta umeme mwingi bure.

Kuna kipimo cha mwisho: ilishe mota moja kwa moja kutoka betri kwa waya nene. Ya waya mbili, ukigeuza waya inageuza mzunguko. Ya waya tatu usiigeuze: mweusi ni hasi, chanya unagusisha bluu kupanda, kijani kushuka. Cheche zitatoka, kwa hiyo tenki la petroli liwe mbali na mvuke uwe umeshatoka.

Kutoa: mashine iwe juu kabisa, weka loki yake, kisha kingia na gogo. Loki peke yake mimi siiamini. Mota ikiwa haipandishi, legeza skrubu ya kuachia presha kwenye braketi, watu wawili wainue. Kabla ya kugusa bolti, osha pale pote kwa brashi na maji. Boti zetu zinapandishwa mchangani kila siku, na chembe moja ya mchanga ikidondokea kwenye pampu umeongeza kazi.

Sasa sogeza kamera hapa. Mota hii ndani ina kutu ya kahawia, na iko nyingi upande huu wa juu, mahali waya zinapoingilia. Maji yalipita kwenye mpira wa waya. Ungekuta oili ndani badala ya kutu, habari ingekuwa nyingine: sili ya shafti ya pampu, mpira unaozuia oili, imekwisha, na ukifunga mota mpya bila kubadilisha sili hiyo, nayo itajaa oili vilevile. Angalia na sumaku. Hii moja imebanduka kwenye gamba, inacheza. Mota ya namna hii usiipotezee kaboni.

Kaboni zinafaa pale ambapo sumaku zimeshika, amecha, ile sehemu ya kati inayozunguka, haijaungua na kutu ni kidogo. Pitisha msasa laini namba 600 kwenye shaba ya amecha, safisha vijia kati ya vipande, halafu mita: kipande chochote na shafti visisomane. Vikisomana, amecha imekula shoti. Wakati wa kurudisha, zuia kaboni nyuma kwa kipande cha waya, na shika amecha vizuri kwa sababu sumaku inaivuta ghafla na kuvunja kona za kaboni.

Mota ya kopi? Nguvu inayo ya kutosha, udhaifu wake uko kwenye mipira. Linganisha na ya zamani: idadi ya waya, matundu ya bolti, na ncha ya shafti. Oringi, pete ya mpira ya kuzuia maji, iliyokuja nayo hii ni nyembamba kuliko ya asili, naitupa, naweka nyingine ya kipimo sahihi iliyopakwa oili. Pale waya zinapoingia napaka silikoni ya boti, na rangi naongeza juu ya gamba lote.

Ukishafunga, jaza oili: Yamaha hutumia ATF Dexron II, oili ya gia otomatiki, na kipimo hutazamwa mashine ikiwa juu, MerCruiser hukubali oili ya injini SAE 10W-30, mguu ukiwa chini kabisa. Kaza skrubu ya kuachia, panda na shuka mara nne au tano kutoa hewa, ongeza tena. Oili iliyotoka ikiwa nyeupe kama maziwa, kuna maji, mwaga yote.

Pampu nzima nunua pale tu ambapo mota inazunguka vizuri kwa sauti yake ya kawaida, oili imejaa, skrubu imekaza, silinda za kuinua mashine hazivuji, na mashine bado hainyanyuki. Hapo usihangaike na mota.