Louis, Ali, Tyson, Usyk: nani fundi zaidi?

Karibuni tena wadau wa masumbwi. Leo mikanda na rekodi tunaziweka pembeni, maana ubishi wa uzito wa juu kijiweni unajulikana unakoishia: huyu anasema Tyson angemlaza yeyote, yule anasema Ali ni Ali bwana, kahawa inapoa. Mimi nataka tupime ufundi tu. Mikono, kichwa, miguu. Na msimamo wangu nautoa mapema: kwa mikono hakuna wa kumfikia Joe Louis, na kwa miguu Oleksandr Usyk kampita hata Ali. Tulieni, msifunge video kwanza.

Louis alikuwa bingwa kuanzia 1937 hadi 1949, akatetea mkanda mara 25. Mapambano yake ni ya picha za zamani zisizo na rangi, ndiyo maana vijana wanayaruka. Yatafuteni, mpunguze kasi, mtazame mkono wake wa kulia. Hauvuti nyuma kwanza. Bondia wengi wakitaka kupiga kwa nguvu wanavuta mkono, na hapo mpinzani ameshapata taarifa. Louis hatoi taarifa. Konde linatoka pale pale lilipo, linasafiri kidogo tu, na jingine liko njiani.

Ila alikuwa na tundu. Mwaka 1936 Mjerumani Max Schmeling aligundua kwamba Louis akishapiga jebu, yaani konde la haraka la mkono wa mbele, mkono wa kushoto unarudi ukiwa chini badala ya kurudi kidevuni. Schmeling akapitisha konde la kulia hapo hapo, tena na tena, mpaka Louis akalala raundi ya 12. Walirudiana mwaka 1938, Yankee Stadium, New York. Safari hii Schmeling hakumaliza hata raundi ya kwanza.

Sasa Muhammad Ali. Hapa najua mtanijia juu. Mpeleke gym yoyote bila kutaja jina lake, kocha atamfokea siku ya kwanza: mikono iko kiunoni, anakwepa kwa kurudisha kichwa nyuma moja kwa moja, na mwilini hapigi kabisa. Hayo ni makosa ya mwanafunzi. Yeye aliponea kwenye kasi ya miguu na jicho la kupima umbali. Kasi ilipopungua, akaanza kuyalipia. Machi 1971, raundi ya 15, Joe Frazier alimwangusha kwa konde la kushoto la kuzungusha, kidevu kikiwa hakina mlinzi.

Lakini Kinshasa, 30 Oktoba 1974! Kila mtu anasimulia zile kamba, Ali alivyoziegemea na kumwacha mpinzani ajichoshe kwa kupiga. Mimi nawaomba mrudie raundi ya kwanza. Ali anafungua na mkono wa kulia, bila jebu ya kuutangulia. Mkono wa kulia ndio ulio nyuma, unatoka mbali, kumpiga nao bondia mkubwa hivi hivi ni kama kumtukana. George Foreman, miaka 25, mapambano 40 hajapoteza, hakuutegemea. Halafu angalieni wakikaribiana: Ali anamshika shingo na kuikandamiza chini, kila mara. Hiyo ndiyo iliyommaliza pumzi Foreman sawasawa na zile kamba. Raundi ya 8 akaenda chini. Pale Ali alishinda kwa akili. Ukiniuliza jebu bora, nitakutajia bingwa mwingine, Larry Holmes, kabla yake.

Mike Tyson anaonewa sana, watu wanamwona kama nguvu tupu. Huyu alikuwa na urefu wa sentimita 178 hivi, anapigana na watu warefu, na bado jebu zao zilikuwa hazimpati. Mafunzo ya mlezi wake wa ngumi, Cus D'Amato: ngumi mbili mashavuni, kichwa hakitulii, anapita chini ya jebu na kutokea ubavuni kwako. Akawa bingwa mwaka 1986 ana miaka 20. Michael Spinks alidumu sekunde 91. Baadaye akaachana na kocha Kevin Rooney, na kichwa kikaanza kusimama. Februari 1990, Tokyo, Buster Douglas alimkuta pale pale kila alipopiga. Jicho la Tyson likavimba, na wasaidizi wa kona yake hawakubeba hata kile chuma cha baridi cha kukandia uvimbe! Wakajaza maji ya barafu kwenye glovu ya mpira. Raundi ya 10, kwisha.

Usyk ni mashoto, na siri yake iko kwenye mguu wa kulia, ule wa mbele. Anautafutia nafasi nje ya mguu wa mbele wa mpinzani, kisha anapiga na hakai pale alipopigia. Ali alizunguka ili awe mbali. Usyk anafanya hayo akisogea mbele, ndani ya mikono ya mtu. Mei 2024, Riyadh, raundi ya 9, konde lake la kushoto lilimyumbisha Mwingereza Tyson Fury kutoka kamba hii hadi ile, mpaka mwamuzi akahesabu. Fury ana urefu wa sentimita 206! Waliporudiana Desemba alimzidi Usyk kilo zaidi ya 20, akapoteza tena.

Rocky Marciano, bingwa mwingine wa zamani, nimemwacha makusudi. Kilo 85 leo asingekuwa hata uzito wa juu.

Mkinibana nichague pambano moja, nipeni Louis na Usyk, raundi 15 za zamani. Louis aliwahi kusumbuliwa na mtu mdogo mwenye miguu: Billy Conn, 1941. Conn alikuwa mbele kwa pointi, akapata tamaa ya kumlaza Louis, akalazwa yeye raundi ya 13. Usyk hana tamaa hiyo. Nampa Usyk, kwa pointi. Wa kwenu andikeni hapo chini.