Nmap au Wireshark: ipi itakuingiza matatani kisheria?

Zote mbili ni programu za kuchunguza mitandao ya kompyuta, ni za bure na msimbo wake uko wazi. Nmap, iliyotolewa na Gordon Lyon mwaka 1997, hubisha hodi: hutuma pakiti (vifurushi vidogo vya data) kwenye kompyuta nyingine na kungoja jibu, ikajua poti (milango ya mawasiliano) zipi ziko wazi na programu gani inasikiliza. Wireshark, aliyoitoa Gerald Combs mwaka 1998 kwa jina la Ethereal, haibishi popote. Hunasa pakiti zinazopita na kukufungulia moja moja.

Kwa hiyo Nmap huacha alama kwenye kumbukumbu za seva, na mwenye seva anaweza kulalamika. Wireshark ni vigumu kuigundua, lakini ndiyo ninayoiogopa zaidi: ukinasa mawasiliano ya watu wasiokuruhusu, umeshagusa sheria za faragha na unasaji wa mawasiliano.

Je, kuwa na programu yenyewe ni kosa? Ujerumani iliongeza kifungu cha 202c kwenye sheria yake ya jinai mwaka 2007 kukataza kutengeneza na kusambaza programu za udukuzi, na watafiti wakaingiwa na hofu (haki yao). Mwaka 2009 Mahakama ya Katiba ikafafanua kwamba zana haiguswi kwa sababu tu mhalifu naye anaweza kuitumia. Uingereza, kifungu cha 3A cha sheria ya 1990 ya matumizi mabaya ya kompyuta huuliza zaidi ulikusudia nini.

Anayejifunza kwenye mtandao wake mwenyewe aanze na Nmap. Matokeo yake husomeka upesi. Kwenye mtandao wa mwajiri, pata kwanza kibali cha maandishi, hata kama fundi ni wewe.