Boti ya kuvulia Matema: nahodha safi, lakini fimbo yangu walininyang'anya

Mtu akikusifia boti za kuvua kwa fimbo pale Matema, Ziwa Nyasa, muulize kwanza kama alipata samaki, na samaki huyo alivutwa na nani. Mimi nimetoka huko juzijuzi na hasira haijashuka.

Muda niliuchagua kwa makusudi. Mei hadi Agosti upepo wa kusini unapiga vibaya, na kwa kuwa Ziwa Nyasa lina urefu wa karibu kilomita 580, mawimbi yanajikusanya njia nzima yakaja kupasukia huku kwetu, mwisho wa kaskazini. Asiyeamini awaulize Wakisi wa Ikombe wanaovusha vyungu kwa mitumbwi kwenda mnada wa Lyulilo. Ikifika mwezi wa tisa, wa kumi hivi, joto linapanda, upepo unalegea, na asubuhi maji yanatulia hadi unawaona usipa, dagaa wa ziwa hili, wakirukaruka. Usipa wakija juu, mbasa, samaki mkubwa anayewawinda, hayuko mbali. Mvua zikikolea, mbasa wakubwa wanapanda mitoni kutaga. Kwa hiyo wa kumfuata ziwani amfuate mapema.

Safari ya kutoka Mbeya kupitia Tukuyu na Ipinda siisemi, mnaijua.

Nahodha, mzee mmoja Mkisi, nampa sifa zote. Alikataa kuwasha injini mpaka kila mtu afunge jaketi okozi, tena akazivuta kamba za langu kwa mkono wake kuhakikisha. Anajua mahali ambapo Milima ya Livingstone inazama moja kwa moja majini na kina kinaanzia pale pale kwenye mawe. Akatupitisha pembeni, taratibu, tukikokota chambo cha bati kinachong'aa. Hana maneno mengi. Ananyoosha kidole tu: "Pale, mwanangu."

Shida ni kijana msaidizi wake.

Mbasa alipokamata, fimbo ilijikunja, mshipi ukaanza kutoka kwenye rili, gurudumu la kuzungushia mshipi, kwa ule mlio wake. Breki ya rili, inayozuia mshipi usitoke, nilikuwa nimeilegeza mwenyewe, maana mshipi ulikuwa mwembamba, na samaki mwenye nguvu namna ile unamwacha akimbie, achoke, ndipo unamrudisha kidogo kidogo. Nilimwona alipogeuka karibu na uso wa maji, ubavu wote unang'aa. Hapo kijana akaja nyuma yangu, akaweka mkono wake juu ya wangu. "Lete mama, huyu atakushinda." Nikamwambia niachie. Hakuachia. Akakaza breki mpaka mwisho, akavuta kwa nguvu zake zote. Mshipi ukakatika, fimbo ikanyooka, yeye akaniangalia mimi.

Nimevua baharini Mafia, nguru na kolekole, msimu wa kaskazi, boti inarushwa huku na huku, na hakuna baharia aliyewahi kugusa fimbo yangu samaki akiwa kwenye ndoano. Hata IGFA, chama cha kimataifa cha uvuvi wa michezo kilichoanzishwa mwaka 1939, kanuni zake ziko wazi: mtu mwingine akigusa fimbo yako wakati unapambana na samaki, samaki huyo hahesabiwi kwenye rekodi. Mimi sikufuata rekodi, nilimtaka samaki wangu. Lakini kanuni hiyo inajua samaki ni wa nani.

Na kuna jambo linaniuma zaidi. Tulikuwa na baba mmoja kutoka Iringa, hajawahi kushika fimbo maishani mwake. Mshipi wake uliponasa kwenye mawe, kijana yule yule alisimama pembeni, mikono nyuma: "Baba, nikusaidie?" Yeye aliulizwa. Mimi sikuulizwa.

Tuliporudi ufukweni nilitegemea kuombwa radhi. Mpokea pesa akanikata kwenye dhamana ya vifaa niliyoweka bei ya chambo kilichoondoka na samaki! Nikamweleza aliyekata mshipi ni nani. Akanijibu huku macho yake yapo kwenye simu: "Mama, sisi tunakodisha boti, samaki ni riziki ya Mungu." Riziki ilishakuja, kaka yangu. Ilikuwa kwenye ndoano yangu, mfanyakazi wako ndiye aliyeifukuza.

Nilipanga kuwapa nyota tatu kwa ajili ya mzee. Kadiri ninavyoandika naona hata mbili ni nyingi. Nawapa moja, na hiyo ni ya mzee peke yake, kwa sababu ndiye pekee aliyetamka neno pole. Siku akipata boti yake mwenyewe nitapanda bila kuuliza bei, na ndugu zangu wote nitawapeleka.

Kwa hawa wengine, sirudi. Labda wamtoe yule kijana, na hata hapo nitafikiria. Ukiamua kwenda, sema mbele ya nahodha kabla injini haijawashwa kwamba fimbo yako haiguswi, na dhamana ya vifaa usitoe, nenda na chambo chako. Pesa yangu mliyokata bado naidai, na namba yangu ya simu mnayo.