Gari linamisi: mashine ya kupima au mikono yako?

Chukua Toyota IST ya toleo la kwanza, 2002 hadi 2007. Kila plagi, inayowasha petroli kwa cheche, ina koili yake ya kuipa umeme, kwa hiyo injini ikianza kumisi, yaani silinda moja ikikosa kuchoma petroli vizuri, una njia mbili za bei nafuu.

Mashine ndogo ya Bluetooth unaichomeka chini ya dashibodi na kusoma kodi (namba ya hitilafu) kwenye simu. P0302 maana yake silinda ya pili haichomi vizuri. Lakini haikuambii kwa nini, na hapo ndipo wengi hununua koili bure. Faida yake kubwa ni kwa tatizo linalokuja na kupotea, maana kodi hubaki kwenye kumbukumbu.

Mikono inajibu "kwa nini". Zima injini, hamishia koili ya silinda ya pili kwenye ya tatu, kisha endesha. Kumisi kukihamia ya tatu, koili imekufa. Kukibaki ya pili, chomoa plagi uitazame: ikiwa imelowa petroli, moto haukuwaka, ukikuta oili kwenye shimo la plagi, sili za tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini) zimechoka, na koili mpya nayo itaharibika ukiziacha.

Mimi ningeanza na mikono. Mpira wa hewa ya injini uliopasuka nao huleta kumisi, na unaweza kuusikia ukifyonza. Mashine itakuletea kodi isiyoutaja. Ila taa ya injini ikipepesa, simama kwanza: petroli isiyochomwa inaunguza katalisti (kisafisha moshi kwenye ekzosi), na hiyo ni ghali kuliko koili zote nne.